Mgongo wa Picha

Kamera ilitangulia reli kufika pwani yetu. Uvumbuzi wa kupiga picha ulitangazwa mjini Paris mwaka 1839, na haikupita hata miaka kumi kabla ya nahodha Mfaransa, Charles Guillain, kuja na chombo hicho merikebuni alipoizunguka pwani ya Afrika Mashariki kati ya mwaka 1846 na 1848. Mwaka 1860 James Grant, mwenzake Speke, alipiga picha mjini Unguja kabla msafara wao haujavuka kwenda bara. Picha hizo zilipigwa kwa ajili ya macho ya watu wa mbali, nazo zilisafiri pamoja na wapigaji. Nalitaja jambo hili mwanzoni kwa sababu siku hizi nasikia likisemwa kana kwamba mashaka ya wazazi juu ya picha za watoto wao yamezaliwa na simu ya kiganjani. Mashaka hayo ni makongwe. Swali la nani mwenye neno juu ya picha ya mtoto, na je, picha hiyo iende wapi, limekaa nasi zaidi ya miaka mia moja, ila mara nyingi waliolijibu hawakuwa wazazi.

Tazama postikadi. Kufikia mwisho wa karne ya 19, Mji Mkongwe wa Unguja ulikuwa na wapiga picha wenye maduka yao, hasa wale wenye asili ya Goa, kama A. C. Gomes na ndugu wa Pereira de Lord. Walipiga picha za masultani na mabalozi, za bandari na za harusi. Lakini pia walipiga picha za watu wa mitaani, watoto wakiwamo, wakazichapisha kuwa postikadi, wakawauzia abiria wa meli. Mtoto aliyesimama mbele ya mlango wa nakshi aliishia Hamburg au Bombay na stempu imegongwa begani mwake, na chini yake pameandikwa neno moja tu la kutaja kabila au kazi. Jina hakuna. Mama yake, kama alikuwa dirishani akitazama, hakujua kwamba mwanawe ameuzwa kwa senti kadhaa, tena mara nyingi. Nimeziona postikadi za namna hii katika vitabu na katika maduka ya vitu vya kale, na kila mara huyatazama macho ya watoto wale kabla ya nguo zao. Wengi wanamtazama mpiga picha kama mtu anayesubiri kuruhusiwa aondoke.

Lakini nisiseme kwamba kila picha ya mtoto iliyotangazwa wakati ule ilikuwa dhuluma. Ipo moja ambayo siwezi kuitolea hukumu nyepesi. Tarehe 14 Mei 1904, katika kituo cha misheni cha Baringa, Kongo, alifika mtu aitwaye Nsala akiwa na kifurushi cha majani. Ndani yake mlikuwa na kiganja na unyayo wa binti yake, Boali, mwenye umri wa miaka mitano, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira ya ABIR kwa sababu kijiji hakikutimiza kiasi cha mpira kilichodaiwa. Mke wa mmisionari, Alice Seeley Harris, alikuwa na kamera. Alimwomba Nsala akae barazani, na Nsala akakaa, mabaki ya mwanawe yakiwa mbele yake. Picha ile ilionyeshwa Uingereza na Marekani kwa taa ya kuangazia ukutani, mbele ya kumbi zilizojaa watu. Ilikuwa miongoni mwa silaha za chama cha Morel cha kudai mageuzi Kongo, na mwaka 1908 Mfalme Leopold alinyang'anywa milki yake binafsi, ikakabidhiwa kwa dola ya Ubelgiji. Hapa mzazi aliombwa. Hapa mzazi alikubali, na kilichoonyeshwa kilisaidia watoto wa wengine wasikatwe viganja. Hata hivyo, nikiwa baba, najiuliza Nsala alielezwa nini kuhusu mahali picha ile itakapokwenda, na neno gani la lugha yake lingeweza kumweleza ukumbi wa watu elfu katika mji asioujua.

Picha ya studio ilikuja na utaratibu mwingine, na huu ndio ninaoujua kwa mikono yangu. Capital Art Studio ilifunguliwa Unguja mwaka 1930 na Ranchhod Oza. Mombasa, Lamu, Tanga na Dar es Salaam zikawa na studio zake. Mzazi aliamua siku, akachagua nguo, akalipa. Mtoto alipakwa mafuta mpaka magoti yakang'aa, akasimamishwa mbele ya pazia lililochorwa mnazi au ngazi za jumba asilowahi kuliona, mkono mmoja juu ya kiti. Mpiga picha aliingiza kichwa chini ya kitambaa, akasema usipepese. Baada ya wiki moja filamu ikishasafishwa, ulipewa nakala tatu: moja ya fremu ukutani, moja ya albamu, na moja ya kutuma.

Hiyo ya kutuma ndiyo iliyokuwa na mambo. Iligeuzwa, ikaandikwa mgongoni kwa wino. Iliandikwa jina la mtoto, umri wake, tarehe, na jina la yule inayemwendea: kwa shangazi yako Mwanaidi aliyeko Maskati, iwe ukumbusho. Baada ya mwaka 1964 picha nyingi za namna hiyo ziliondoka Unguja na Pemba kwenda Oman na Ghuba katika bahasha za barua, na nyingine zilikuja huku. Mgongo wa picha ulikuwa nusu ya picha. Ulisema ni ya nani, imetoka kwa nani, inaruhusiwa kukaa mikononi mwa nani. Mtu aliyeiokota picha hiyo barabarani alijua papo hapo kwamba ameshika kitu kisicho chake. Nadhani wengi wetu tuliokulia nyakati zile hatukuutazama mgongo ule kama sheria, lakini ulifanya kazi ya sheria.

Mwanya ulikuwapo hata hivyo. Negativu ilibaki kwa mwenye studio. Naye, kwa kutangaza kazi yake, alichagua picha zilizompendeza akazipanga kwenye kabati la kioo mbele ya duka. Kuna familia zilizofurahi kumwona mtoto wao pale, zikapitisha jamaa makusudi mbele ya duka. Kuna nyingine zilizokasirika. Katika mji wetu mzee mmoja aliingia studio na bakora akidai picha ya binti yake iondolewe kiooni, nasi vijana tukamcheka, tukamwita mshamba. Mwenye studio hakubishana naye. Aliitoa, akampa na negativu yake. Kila ninapofikiri juu ya kicheko kile naona kwamba mzee yule alikuwa anasema jambo ambalo leo linasemwa na wanasheria wenye shahada mbili: kwamba kumlipa mtu akupige picha si kumpa ruhusa ya kukuonyesha.

Wala hakulizua jambo hilo peke yake. Wazee wa pwani walikuwa na elimu yao kuhusu mtoto kuonwa. Mtoto mchanga hakutolewa nje mpaka arobaini ipite. Alipotolewa alipakwa wanja, pengine akavalishwa hirizi, na aliyemsifu alitakiwa atangulize mashaallah. Mgeni aliyesema “mtoto mnene huyu!” bila kutanguliza neno hilo alimtia mama wasiwasi wa jicho la hasidi. Tulipofika chuo cha ualimu tulifundishwa kuyaita haya imani potofu, na mimi pia niliyafundisha hivyo kwa miaka kadhaa katika somo la malezi. Ukiyaondolea uganga wake, hata hivyo, unabaki na kanuni iliyo timamu: si kila jicho linalomtazama mtoto linamtakia heri, na ni kazi ya mzazi kuamua macho gani yamfikie na lini. Sijui kama kuna kamati yoyote ya Geneva iliyoliweka jambo hili kwa maneno machache kuliko mama anayemfunika mtoto kanga usoni garini.

Miaka ya 1980 iliturudisha kwenye picha ya Nsala, kwa wingi zaidi. Mwezi Oktoba 1984 Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, alipiga filamu ya njaa ya Ethiopia huko Korem na Mekele, pamoja na mtangazaji Michael Buerk wa BBC. Filamu ilionyeshwa tarehe 23, na dunia ikashtuka. Fedha zilikusanywa, tamasha kubwa la Live Aid likafanyika Julai 1985, na watu walipona ambao wangekufa. Sina neno baya juu ya kazi ya Amin. Matatizo yalianza pale mashirika yalipotambua kwamba mtoto mwenye mbavu zilizojitokeza huleta fedha kuliko mtoto mwenye kaptula safi. Kuanzia hapo mtoto wa Kiafrika akawa bango.

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi wakati huo. Walikuja wageni wa shirika moja la misaada lililotaka kutujengea tangi la maji. Wakamwona mtoto wa darasa la pili, kaptula imepasuka nyuma na kamasi imemkauka, wakaomba wampige picha. Niliwaambia mama yake yuko jirani, akauza maandazi, aulizwe. Mama alikuja, akasikiliza, akasema, “Mwalimu, waambie wasubiri kidogo.” Akamshika mtoto mkono akaenda naye nyumbani. Baada ya nusu saa hivi walirudi, mtoto ameogeshwa, amevaa nguo zake za Idi na viatu vya bluu. Wageni walitabasamu, wakapiga picha moja, wakashukuru. Miezi mingi baadaye kilifika kijarida chao. Picha ya mtoto yule wa viatu vya bluu haikuwamo. Ilikuwamo ya mtoto mwingine, mchafu, aliyepigwa kutoka dirishani mwa gari, barabara ya kuingilia kijijini. Tangi tulijengewa, nalo lilitufaa sana. Mama yule aliniuliza mara mbili kama kijarida kimefika. Nilimwonyesha. Alikifungua ukurasa kwa ukurasa mpaka mwisho, akanirudishia, akaniambia, “Kumbe walitaka vile tulivyo, hawakutaka vile tunavyojipenda.”

Si yeye peke yake aliyeona hivyo. Mwezi Aprili 1989 muungano wa mashirika ya hiari ya Ulaya ulipitisha kanuni za maadili kuhusu picha na habari za nchi zetu, kwa sababu ya malalamiko yaliyofuata njaa ile. Mwezi Novemba mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao kifungu chake cha 16 kinamlinda mtoto asiingiliwe faragha yake. Mwaka uliofuata, Julai 1990, wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipitisha mkataba wetu wenyewe wa haki na ustawi wa mtoto. Huo wa kwetu, katika kifungu cha 10, umeongeza jambo ambalo ule wa dunia haukulisema mahali hapo: kwamba faragha ya mtoto haiwaondolei wazazi haki ya kumsimamia kwa kiasi kinachofaa. Nilipousoma mara ya kwanza nilifurahi, nikaona Waafrika tumemkumbuka mzazi. Siku hizi kifungu hicho hunipa kazi ya kufikiri, kwa sababu watunzi wake walimwona mzazi kama mlinzi wa mlango. Hawakuwaza siku ambayo mzazi mwenyewe ndiye atakayeufungua.

Siku hiyo ilikuja polepole. Facebook ilianzishwa mwaka 2004, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2006. WhatsApp ilifuata 2009 na Instagram 2010. Simu yenye kamera ilishuka bei mpaka ikamfikia mwalimu wa daraja la tatu A. Mzazi sasa ni mpiga picha, mwenye studio, mwenye kabati la kioo na mchapishaji wa postikadi, yote kwa mkupuo mmoja, akiwa amekaa mkekani. Anafanya hivyo kwa upendo; hilo sina shaka nalo. Mtoto kazaliwa, bibi yuko Songea na mjomba yuko Toronto, kwa nini wasimwone? Nami nimewaona wajukuu wangu wakitambaa kupitia kioo cha simu, nikafurahi mpaka nikaita majirani.

Lakini picha ya simu haina mgongo. Hakuna mahali palipoandikwa ni ya shangazi Mwanaidi. Ukiituma kwa jamaa ishirini na mmoja wao akaiweka kwenye stetasi yake, imekwenda. Nyingine hubeba ndani yake, bila kuonekana, vipimo vya mahali ilipopigwa, hata mtu akajua nyumba au shule. Mwaka 2020 magazeti ya Marekani yalifichua kwamba kampuni moja, Clearview AI, ilikuwa imekusanya mitandaoni picha zaidi ya bilioni 3 ili mashine iweze kumtambua mtu kwa sura yake. Wenye sura hawakuulizwa. Mwaka 2024 shirika la Human Rights Watch lilionyesha kwamba picha za watoto wa Brazil, baadhi zikitoka katika kurasa za familia zilizowekwa miaka mingi nyuma, zilikuwamo katika hazina kubwa ya picha inayotumiwa kuzifundisha mashine kuunda picha nyingine. Wazazi walioziweka hawakufanya kosa lolote walilolijua. Waliziweka ili shangazi azione.

Serikali zimeanza kuamka. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, inayodai ridhaa ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na mwezi Septemba 2023 shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi hadharani bila ridhaa hiyo. Habari hiyo iliwashtua walimu wakuu wengi ninaowafahamu kuliko waraka wowote. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Ufaransa ilikwenda mbele zaidi Februari 2024: iliandika katika sheria kwamba wazazi wote wawili kwa pamoja ndio walinzi wa picha ya mtoto, kwamba mtoto ashirikishwe kwa kadiri ya umri na ukomavu wake, na kwamba hakimu anaweza kumzuia mzazi mmoja asiitangaze picha pasipo idhini ya mwenzake. Ni mara chache mno kwa dola kumwambia mama: hii picha ya mwanao si yako peke yako.

Wapo watakaosema hilo ni dola kuingia jikoni. Mimi huikumbuka habari ya Kim Phuc. Alikuwa na umri wa miaka tisa tarehe 8 Juni 1972 alipopigwa picha akikimbia uchi barabarani huko Trang Bang, Vietnam, mgongo wake ukiungua kwa napalm. Picha ile iliwachosha watu na vita. Lakini msichana alikua ndani yake. Wakuu wa nchi yake walimwita mara kwa mara aonyeshwe kwa wageni, hata masomo yake ya udaktari yakavurugika, mpaka mwaka 1992 alipobaki Kanada ndege ilipotua kuongeza mafuta. Baadaye aliikubali picha yake, akaifanyia kazi ya amani. Ilimchukua miaka mingi kufika hapo. Hiyo ilikuwa picha ya vita, na watoto wetu wa mkekani hawana habari hizo, alhamdulillahi. Ila jambo moja ni lilelile: mtoto hukua, na picha hubaki na umri wake. Video ya mtoto anayelia baada ya kuchapwa, au aliyejikojolea, au anayetamka neno vibaya, wakubwa huicheka leo. Yeye atakutana nayo akiwa kidato cha pili, ikiwa mkononi mwa wenzake. Aliyefundisha kidato cha pili anajua wenzake wakoje.

Nyumbani kwangu binti yangu na mumewe walivutana juu ya jambo hili mtoto wao wa kwanza alipozaliwa. Mume hakutaka picha ya uso iende popote. Mke aliona anamnyima mtoto ndugu zake. Waliniletea shauri. Niliwauliza kitu kimoja tu: kila mnayetaka kumtumia, mnaweza kuliandika jina lake? Walikaa wakaandika majina 34. Hao ndio wanaotumiwa hadi leo, kila mmoja kwake, na wamekwisha kuambiwa wasiisogeze mbele. Mjomba mmoja aliisogeza. Jina lake lilikatwa, akanuna, akaomba radhi wakati wa Idi, wakamrudisha.

Mimi nami ninalo la kwangu lisilokwisha. Shule niliyoiongoza inatimiza miaka mingi, na vijana wanaoiendesha sasa walitaka kuweka mtandaoni picha za madarasa ya zamani ninazozitunza. Wakati ule hakuna mzazi aliyeulizwa zaidi ya kulipia nakala. Niliwaomba tuanze na moja, ya darasa la saba la mwaka 1983, wanafunzi 41, tuwatafute wenyewe kwanza. Tumewapata 26, saba wamefariki. Karibu wote walisema iwekwe, wengine kwa furaha kubwa. Mmoja alisema ulizeni kwa mama yangu, bado yupo. Tulimpigia, naye akasema sare ile aliishona kwa mkono usiku wa kuamkia siku ya picha, iwekwe watu waione. Mmoja, mwanamke aliyeko Mwanza, alisema hapana. Hakutoa sababu, nasi hatukumwuliza. Yuko safu ya mbele, wa nne kutoka kushoto. Vijana walishauri afichwe uso kwa wino wa kompyuta. Niliona hiyo ni kumwonyesha kidole. Picha iko kabatini, na bado tunawatafuta wanane waliobaki.